Vipago Mia Mbili na Kumi

Mficha uchi hazai, kwa hiyo nianze na aibu yenyewe. Mimi ni mwendesha winchi. Ile winchi ndefu ya mnara kwenye majengo yanayojengwa, yule mtu anayeonekana mdogo kama punje kule juu kwenye kibanda cha vioo, ndiye mimi. Ili nifike kwenye kiti changu kuna vipago mia mbili na kumi vya ngazi ya chuma, na njiani majukwaa sita ya kuvutia pumzi. Ngazi za namna hiyo nimezipanda miaka kumi na tisa. Mwaka ule zikaanza kunishinda.

Msinielewe vibaya, nilikuwa nafika. Ila nilikuwa nafika kama gunia linalokokotwa. Kuanzia jukwaa la pili kifua kinabana, magoti yananung'unika, jasho linaingia machoni. Kazi ya winchi ni kukaa: saa tisa mikono inacheza na vishikio viwili, mwili uliobaki umelala. Unakula umekaa. Jioni unashuka, unakwenda nyumbani, unakaa tena. Tumbo langu lilikuwa limeniaga na kutangulia mbele. Mke wangu alininunulia raba za mazoezi. Zilikaa chini ya kitanda mpaka paka akazalia juu yake.

Basi nikabuni ujanja. Kazi inaanza saa moja asubuhi. Mimi nikawa nafika saa kumi na mbili kasorobo, wakati hakuna mtu isipokuwa mlinzi anayesinzia kwenye kijumba chake cha mabati. Nilipanda taratibu, nikakaa kila jukwaa, mengine hata mara mbili, nikahema nilivyotaka, na wenzangu walipoanza kuingia walinikuta niko kitini kama mfalme. Dakika ishirini na tano za kupanda! Mtu mwenye mapafu yake anatumia saba. Msimamizi wa ujenzi akanisifu mbele ya watu wote: mwigeni mzee huyu, anawahi kuliko jogoo. Nikapigiwa makofi. Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mwongo mkubwa mimi.

Winchi ni kazi ya watu wawili, wa juu na wa chini. Wa chini ni mpiga ishara: ndiye anayefunga mzigo, ndiye macho yako pale usipoona, anakuongoza kwa mikono na kwa redio ya mkononi. Wangu alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kila mtu alimwita Kipenga kwa sababu ya filimbi iliyoning'inia shingoni mwake. Mnene kama mimi, sigara haikauki, na mdomo haumlali. Mwoga wa kimo mpaka aibu. Nyumbani kwake hata kubadilisha taa anamshikia mkewe kiti, mke ndiye anayepanda. Kila jioni nikikanyaga chini alikuwa ananingoja pale kwenye mguu wa ngazi na wimbo wake mmoja:

"Aliye juu mngoje chini!"

Halafu anacheka mpaka anakohoa. Kwa kweli maneno hayo yalikuwa yananichoma. Mtu hakuambii methali ile kwa kukutakia heri.

Jumatatu moja nikaitwa ofisini kwa afisa usalama. Ofisi yenyewe ni kontena lenye meza na feni. Afisa ni binti wa umri wa mwanangu wa kumzaa, tulimwita Binti Kofia kwa jinsi alivyokuwa anapiga kelele juu ya kofia ngumu. Siku hiyo hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Karibu kiti, mzee wangu," akasema. "Nina swali moja. Unapumzika mara ngapi mpaka kufika juu?"

"Mara moja. Pengine mbili."

"Mara nane. Wiki iliyopita ilikuwa nane, na jukwaa la tano ulikaa dakika sita."

Nikahisi masikio yanapata moto. "Nani amekuambia?"

"Siwezi kusema. Naomba unisikilize. Siku ukizimia kule juu na tani mbili zinaning'inia juu ya vichwa vya watu, nani ataziomba radhi familia zao?" Akanisogezea karatasi. "Una wiki sita. Zikiisha utapanda mbele yangu kwa dakika kumi, bila kukaa jukwaani hata mara moja. Ukishindwa unabaki chini, na si kwa muda. Sipendi, lakini ndiyo hivyo."

Ningemjibu vibaya, ulimi ulishafika mlangoni. Kilichonizuia ni kwamba alikuwa anasema kweli, na kweli yenyewe mimi nilishaiona kwa macho yangu.

Mzee aliyenifundisha winchi alifia kwenye kiti chake. Miaka mitatu ilikuwa imepita. Saa nne asubuhi redio iliita, hakujibu. Mtu mzito, ngazi nyembamba, hawezi kubebwa mgongoni. Zimamoto walimfunga kwenye turubai wakamteremsha kwa kamba, pole pole, anazunguka hewani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Mtu aliyeinua mizigo maisha yake yote akashushwa kama mzigo, na sisi tumesimama chini tumevua kofia. Siku ile nilisema moyoni: mimi nitashuka kwa miguu yangu, kila siku, mpaka ile ya mwisho. Halafu nikaenda nyumbani, nikakaa.

Sasa nirudi kwa aliyenichongea. Haikuhitaji mganga. Kwa wiki mbili nzima, nikiwa jukwaa la pili alfajiri, nilikuwa naiona baiskeli ya Kipenga imeegemezwa kwenye kijumba cha mlinzi. Mtu ambaye tangu nimjue huja kazini anafunga vifungo vya shati njiani, leo anawahi kuliko jua! Anafanya nini, kama si kunihesabia? Mchana nikamfuata kwenye rundo la nondo.

"Umenichoma," nikamwambia.

"Nani kakuchoma?"

"Usijitie hujui. Mara nane. Dakika sita. Unakuja kunipeleleza, kisha unampelekea yule binti. Kiti changu kimekukosea nini wewe?"

Akafungua mdomo. Yule yule ambaye mdomo haumlali akaufungua, akaufunga, akaitazama filimbi yake.

"Shemeji," akasema, "wewe panda tu."

Panda tu! Kwangu mimi hiyo ilikuwa sawa na kukiri. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia, na kuanzia siku hiyo hatukusemezana ila ya kazi: inua, shusha, kushoto, simama. Kwao sikukanyaga tena. Mke wangu alijaribu kusema, nikampandishia sauti, na hilo nalijutia mpaka leo.

Hasira ni mafuta mazuri, nisidanganye. Wiki ya kwanza nilipanda kwa hasira tupu. Kila kipago nilikiona uso wa Kipenga nikaukanyaga. Jukwaa la pili, ambapo kifua hunibana, nikawa nasimama namtukana kwa sauti, matusi ya kwetu na ya kuazima, mpaka pumzi irudi. Mchana wenzangu wakila nilikuwa napanda na kushuka ngazi za zege za jengo lenyewe. Nikapunguza mapumziko kutoka nane hadi sita. Nikaona mambo si ndiyo hayo, kumbe ni rahisi.

Wiki ya pili hasira ikanichoka. Mtu huwezi kuamka saa kumi na nusu kila siku kwa ajili ya kumchukia mtu. Mvua ikanyesha, nikasema leo vipago vinateleza. Goti likauma, nikasema daktari mwenyewe angenikataza, daktari ambaye sikumwendea. Siku tatu nilipanda kivivu vile vile kama zamani, na siku ya nne nikajikuta natunga maneno ya kumwambia afisa, kwamba kazi ya chini nayo ina heshima yake.

Jioni ya siku hiyo, nikishuka, mguu wa kulia uliteleza kati ya jukwaa la tano na la nne. Mkanda wa usalama ukanidaka. Nikaning'inia, nusu dakika labda, nazunguka kidogo, na kiatu cha mguu mmoja kilichomoka kikaenda zake chini. Nikakisikia kinagonga chuma, tena, tena, halafu kimya. Mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Loo! Nilishika ngazi nikaikumbatia kama mama yangu. Nilitetemeka hadharani, mtu mzima na mvi zangu, na niliogopa kufa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Tangu hapo sikuhitaji kumchukia mtu ili niamke. Nikazitoa raba za mke wangu chini ya kitanda, nikazifua manyoya ya paka, nikazivaa. Nikajiwekea sheria moja tu, nisijidanganye kwa sheria nyingi: kila siku nafika ngazini saa kumi na mbili kasorobo, nikitaka nisitake, na kila wiki jukwaa moja au mawili nayapita bila kukaa. Siku nyingine nilipanda vibaya. Lakini nilipanda. Nikifika jukwaa la tano nilikuwa naongea na marehemu mzee wangu. "Mzee," namwambia, huku nahema kama mbwa, "mimi sishuki kwa kamba. Unanisikia? Sishuki kwa kamba." Kisha naendelea. Mapumziko yakawa manne, yakawa mawili, likawa moja.

Mambo yote hayo nilikuwa nayafanya peke yangu, au ndivyo nilivyojua. Redio niliivaa chini ya kifua, juu ya tumbo, imebanwa kwenye mkanda wa usalama, lakini nikiwa ngazini sauti yake niliizima hadi mwisho. Siku moja zamani Kipenga aliita ghafla nikiwa kati ya majukwaa, nikashtuka nusura niachie mikono. Toka siku hiyo ikawa desturi: sauti chini ngazini, sauti juu nikishakaa kitini.

Zikabaki siku tatu kabla ya mtihani. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeukaza mkanda matundu mawili, maana ulikuwa umeanza kunipwaya, na redio nikaisogeza juu karibu na bega. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile. Ukiwa chini hulioni hata jukwaa la pili. Nikapanda. Jukwaa la kwanza, la pili, nikashangaa nimelipita bila hata kumtukana shemeji. La tatu. La nne mapaja yanaungua, lakini pumzi ipo. La tano nikasema moyoni, mzee, samahani, leo sina muda. Nikaingia kibandani, nikatazama saa. Dakika kumi na nusu, bila kukaa.

Nilicheka peke yangu kule juu kama mwehu. Nikanywa maji. Nikakaa kitini, nikafumba macho, nikausikiliza moyo wangu unavyotulia. Redio nikaisahau kabisa.

Sasa mnara una tabia moja. Mtu akiupanda, hata akiwa chini kabisa, kibanda kinatetemeka kidogo, unausikia mtetemo huo kwenye makalio. Nikausikia. Nikasema nani huyu saa hizi? Mtetemo ukaja, ukasimama. Ukaja, dhaifu, ukasimama. Halafu ukasimama moja kwa moja.

Nikainama kwenye kioo cha chini ya miguu. Ukungu mtupu. Nikafungua mlango, na hapo nikasikia sauti ya mlinzi kutoka chini, imekonda kwa woga: "Shuka! Shuka! Usiachie!" Nikaizungusha sauti ya redio. Binti Kofia alikuwa analia humo ndani.

"Kibanda, kibanda, jibu! Mzee, uko hai?"

"Niko hai, kwa nini nisiwe hai?"

"Kipenga yuko ngazini. Amekufuata. Hana mkanda."

Sikumbuki nilivyotoka kibandani. Nakumbuka kulabu mbili za mkanda wangu zinagonga chuma, tak, tak, na mimi nashuka kwa kasi ambayo wiki sita nyuma ingeniua. Nilimkuta vipago kumi hivi juu ya jukwaa la tatu. Amekumbatia ngazi, shavu kwenye chuma, macho amefumba. Uso umekuwa rangi ya saruji. Vidole vimekaza mpaka vimekuwa vyeupe. Mtu asiyeweza kupanda kiti kubadilisha taa alikuwa amepanda vipago mia moja, mikono mitupu, kwenye ukungu.

"Shemeji," nikasema pole pole. "Ni mimi. Usitazame chini."

"Kifua," akasema. "Kifua changu."

Kumsaidia kutoka juu haiwezekani. Lazima uwe chini yake, umshike miguu, uzito wake uubebe wewe. Na yeye ameziba ngazi. Ilibaki nafasi moja tu, ule mwanya kati ya ngazi na vyuma vya mnara, ambao fundi mwembamba huupita akipaka grisi. Nikatoa pumzi yote, nikajiingiza ubavuni. Chuma kilinikwaruza tumbo toka kifuani hadi kiunoni, lakini nikapita. Wiki sita kabla, ningekwama pale kama kizibo, na sote wawili tungengoja kamba.

Nikaweka bega langu chini ya makalio yake. Kamba moja ya mkanda wangu nikaipitisha kwapani mwake, nikaifunga ngazini.

"Sasa mguu wa kushoto. Achia. Nimekushika. Chini. Hapo. Wa kulia."

"Siwezi."

"Utaweza, mjinga wewe. Nani alikutuma kupanda?"

Akashuka kipago kimoja. Uzito wake wote ukanikalia begani. Mapaja yangu yakaungua, nikayaacha yaungue. Kipago cha pili. Cha tatu. Alikuwa anahema kwa mluzi, na katikati ya pumzi akawa anatafuta kusema.

"Mbona... mbona leo hukuhema?"

"Nini?"

"Kila siku nakusikia. Leo kimya. Naita, hujibu. Nikajua umekufa."

"Unanisikia wapi wewe? Mguu wa kushoto."

Kidole chake kimoja kikaachana na chuma, kikaonyesha chini, kwenye redio yangu.

Nikaitazama redio. Kitufe cha kusemea kiko ubavuni mwake. Miezi yote ile niliivaa pale juu ya tumbo, na kila nilipoegemea ngazi, tumbo langu na mkanda vilikibana kitufe, redio ikawa wazi, na kila nilichohema, nilichotukana na nilichoomba kikaenda chini. Leo mkanda umekazwa, redio iko begani, tumbo limepungua. Kitufe hakikubanwa. Kikulacho ki nguoni mwako! Nilimtupia yeye methali ile, kumbe nimeivaa mimi.

"Jukwaa la pili," akasema, ananong'ona, "unanitukana kila siku. Matusi mengine... sijawahi kuyasikia."

"Nyamaza, utapoteza pumzi. Wa kulia."

"La tano unaongea na marehemu."

"Nimesema nyamaza!"

Nilipiga kelele kwa sababu nilikuwa nalia, na sikutaka ajue. Ila nadhani alijua, machozi ya mtu mzima yana sauti yake. Tukafika jukwaa la tatu. Nikamlaza, nikamfungua kifungo cha shati. Binti Kofia mwenyewe alikuwa ameshapanda na mkanda wa pili na chupa ya maji. Akampima mapigo shingoni, akanitazama, hakupenda alichokisikia.

"Gari liko tayari," akasema. "Nimewaita zimamoto, wanakuja na kamba."

"Kamba hapana," nikasema.

"Mzee, una uhakika?"

"Huyu anashuka kwa miguu yake. Mimi nitakuwa chini yake."

Tulipumzika mpaka uso wake ukarudi kidogo kuwa wa mtu. Tukamvika mkanda, binti juu, mimi chini, tukashuka vipago tisini. Sikuvihesabu kwa idadi, nilivihesabu kwa pumzi zake. Kila alipovuta pumzi moja nilimwambia mguu, na kila alipokawia kuivuta moyo wangu ulisimama ukamngoja. Sijui ilichukua muda gani. Mguu wake ulipogusa udongo, mimi nikakaa chini pale pale, kwenye tope.

Hospitali ilisema moyo umempa onyo, mara ya pili hautaonya. Mwezi mzima asifanye kazi, sigara aache, na kila siku atembee. Yaliyobaki akanieleza Binti Kofia kwenye benchi la nje ya wodi. Kipenga aliwahi kazini siku moja kwa bahati tu, akawasha redio, akasikia mtu anakata roho, akaitambua sauti. Toka siku hiyo hakukosa. Alikaa kwenye kijumba cha mlinzi na redio sikioni, ili siku pumzi ikikatika awepo mtu wa kujua. Wiki mbili baadaye binti naye akawahi, akasikia kwa redio yake mwenyewe.

"Nilitaka nikutoe kitini siku ile ile," akasema. "Akanishika mkono. Akasema nipe wiki sita, mimi namsikiliza kila asubuhi. Wiki sita zilikuwa zake, si zangu."

"Na kwa nini hakuniambia?"

"Alisema ukijua utaizima redio, kwa jinsi ulivyo na kiburi. Halafu siku ukianguka hakuna atakayejua. Nami nikaona alikuwa sahihi."

Alikuwa sahihi. Ningeizima.

Niliingia wodini mara mbili kumwomba msamaha. Mara ya kwanza tuliongea habari za mvua. Mara ya pili mke wangu alikuwepo, ananitazama, ananingoja, nami nikauliza kama chai ya pale ina sukari ya kutosha. Ulimi uliomtukana wiki nzima ngazini ulikataa kabisa kufanya kazi nyingine.

Siku ya mtihani jua lilitoka mapema. Saa moja kamili, watu wote wameshafika, redio zote ziko wazi. Kando ya kijumba cha mlinzi kulikuwa na kiti cha plastiki, na kwenye kiti amekaa Kipenga, ameruhusiwa jana yake, amevalishwa sweta la dada yake, redio mkononi. Tuliangaliana tukainua videvu. Binti Kofia akashika saa yake.

Kabla sijaushika mguu wa ngazi, nilitoa mpira mfukoni, ule wa kufungia mifuko, nikauzungusha kwenye redio mara tatu, nikakibana kitufe. Makusudi. Binti aliniona.

"Panda," akasema.

Nikapanda. Jukwaa la kwanza sikusema neno, niliwaacha wasikie ninavyohema. Jukwaa la pili, pale kwenye matusi, nikalipita bila kusimama.

"Shemeji," nikasema. "Hapa ndipo nilipokuwa nakutukana."

Vipago, pumzi, vipago.

"Nilikukosea. Nilikuita msaliti. Sikukanyaga kwako wiki sita. Nilimfokea dada yako kwa ajili yako." La tatu. La nne. Mapaja yanaungua, na najua watu sitini wananisikia, wapaka rangi, mafundi waashi, msimamizi aliyenisifu. "Na ninyi wengine, nilikuwa siwahi kwa bidii. Nilikuwa najificha, kwa sababu ngazi ilinishinda." La tano. "Kipenga, ulinisikiliza na mimi sikujua. Nisamehe, ndugu yangu."

Nilibakisha pumzi ya vipago thelathini vya mwisho, nikaitumia yote. Nikaingia kibandani, nikakata mpira, nikazungusha sauti mpaka juu.

Binti Kofia akaanza: "Dakika tisa na sekunde hamsini." Kukawa na vigelegele vya mafundi, ndoo zinagongwa, makelele. Nikangoja. Sikuwa nangoja hayo.

Yakatulia. Redio ikakwaruza.

"Aliye juu," ikasema sauti ya Kipenga, akasimama kuvuta pumzi, na mimi nikaivuta pamoja naye, "mngoje chini. Niko hapa, shemeji. Nakungoja."

Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka jioni, wakimfukuza akapumzike haondoki, mpaka nikashuka.

Kesho yake hakukuwa na mtihani, na ilikuwa siku ya mapumziko. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nje ya mlango wake, nimevaa raba za paka. Nikagonga mpaka akafungua, macho hayajafunguka, mkono unapapasa mfukoni kutafuta sigara ambazo mkewe alishazitupa.

"Una wazimu wewe?" akasema. "Leo si kazi."

"Daktari kasema utembee. Vaa viatu."

Akafunga kamba za viatu huku ananitukana, yale yale matusi yangu, hakusahau hata moja. Tukatoka. Njia nzima nilikaa kimya, nikisikiliza anavyohema.